Mimba Hubebwa na Nani?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya amani ya nyumbani, malezi ya watoto na matumizi ya fedha. Safari hii tutazungumza juu ya ile miezi tisa ambayo mtoto amekwisha kuingia nyumbani mwenu ingawa hakuna aliyemwona uso. Kila aliyewahi kwenda kliniki anaijua orodha ya mashauri: mja mzito asinywe pombe, asivute sigara, asitafune miraa wala muguka, asinunue dawa ovyo dukani, ale vizuri, apumzike, na aanze kliniki mapema. Mashauri hayo ni mema. Lakini kuna swali ambalo muuguzi hana nafasi ya kuliuliza, kwa sababu foleni ni ndefu na aliyeketi mbele yake ni mama peke yake. Mashauri hayo yanamhusu nani? Ni wajibu wa mke tu, kwa kuwa mtoto yumo tumboni mwake, au ni wajibu wa mume pia?

Tuchukue mfano. Tuseme ni bwana na bibi wanaokaa Kabiria katika chumba kimoja cha mabati. Mume hufanya kibarua cha ujenzi, mke huuza mboga kando ya barabara. Mke ana mimba ya miezi mitatu. Kabla ya hapo alikuwa akinywa bia kidogo pamoja na mumewe siku za mwisho wa wiki. Leo amerudi kutoka kliniki, akamweleza mumewe yote aliyoambiwa. Mume anasikiliza, kisha anasema, "Basi, tangu leo sitaki kukuona na chupa. Huyo ni mtoto wangu." Halafu anavaa koti, anatoka, na kurudi saa nne usiku akinuka chang'aa na sigara. Mke akimwuliza, anajibu kwa ufupi, "Mimi sina mimba."

Jibu hilo husikika katika nyumba nyingi, na wanaolitoa si watu wabaya wote. Wengine wanaamini kabisa kwamba limemaliza mambo. Na tulipime basi jibu hilo, tuone kama linasimama.

MANENO YA KLINIKI NI YA KWELI

Tuanze na yale ambayo mume huyo ameyasema sawa. Zamani watu wengi, hata madaktari, walidhani kwamba kondo la nyuma ni kama ukuta, na kwamba chochote anachokula au kunywa mama hakimgusi mtoto kwa ubaya. Dhana hiyo ilivunjika kwa uchungu mkubwa. Mwaka 1957 dawa iitwayo thalidomaidi ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi, kisha katika nchi nyingine nyingi, na waja wazito waliimeza ili kutuliza kichefuchefu na kupata usingizi. Ilipoanza kuondolewa sokoni mwishoni mwa 1961, watoto zaidi ya 10,000 duniani walikuwa wameathirika, wengi wao wakizaliwa na mikono au miguu isiyokamilika. Tangu hapo hakuna daktari anayesema kwamba kondo la nyuma ni ukuta. Ndiyo sababu mja mzito haendi dukani kujinunulia dawa bila kumwambia mwuzaji na daktari kwamba ana mimba.

Juu ya pombe, mwaka 1968 daktari Paul Lemoine wa Nantes, Ufaransa, aliandika habari za watoto wa wazazi walevi waliozaliwa wadogo na wenye akili iliyochelewa kukua. Mwaka 1973 madaktari Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, waliyapa madhara hayo jina, na tangu wakati huo ulimwengu wote wa utabibu unayatambua. Sababu yake si ngumu kuielewa. Pombe aliyokunywa mama hupita katika damu hadi kwa mtoto, na ini la mtoto bado ni changa, haliwezi kuisafisha. Ubongo wake, ambao unajengwa miezi yote tisa, ndio unaoumia zaidi. Mtoto anaweza kuzaliwa akionekana mzima, na taabu ikatokea anapoingia shule: hashiki masomo, hatulii, anasahau aliyofundishwa jana.

Madaktari hawajapata kipimo cha pombe wanachoweza kusema ni salama kwa mja mzito. Wala hakuna aina iliyo salama. Busaa ni pombe, muratina ni pombe, mvinyo ni pombe. Wapo wanaoambiana kwamba bia nyeusi huongeza damu. Hata Uingereza na Ireland zamani akina mama walipewa bia hiyo hospitalini kwa imani hiyohiyo, lakini imani hiyo imekwisha kuachwa. Damu huongezwa na maharagwe, nyama, omena, mboga za majani, pamoja na vidonge vya madini ya chuma na foliki vinavyotolewa kliniki.

Sigara nayo hubana mishipa ya damu na kumpunguzia mtoto hewa, hata akazaliwa mapema au na uzito mdogo. Miraa na muguka hukata hamu ya kula, na mtoto hukosa chakula pamoja na mamaye. Na yale mawe ya odowa yanayouzwa vibandani? Hamu ya kula udongo si kichaa wala si jambo la kuchekwa. Utafiti uliofanywa kule Kilifi katika miaka ya 1990 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya waja wazito walioulizwa walikuwa wakila udongo. Lakini udongo unaweza kuwa na risasi au mayai ya minyoo, na unaweza kuzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Mama mwenye hamu hiyo na amwambie muuguzi bila haya, apimwe damu, kwa kuwa mara nyingi hamu hiyo huandamana na upungufu wa damu.

Kwa hiyo mume wa mfano wetu amesema kweli. Hata mlevi akisema kwamba pombe inamdhuru mtoto, maneno hayo hayageuki uongo kwa sababu kinywa kilichoyasema kinanuka. Mke asiseme, "Kwa kuwa wewe unakunywa, na mimi nitakunywa." Hapo atakayelipa si mume, ni mtoto.

KWELI SI RUNGU

Hata hivyo, kusema kweli ni jambo moja na kuwa na haki ya kuamuru ni jambo jingine. Anayesema kweli anaweza kuwa mtu yeyote, lakini anayeamuru katika jambo la kujinyima anadaiwa kitu zaidi: awe yeye mwenyewe chini ya amri hiyo, au awe amebeba mzigo mwingine wenye uzito unaolingana nayo. Hatumkatazi mwalimu kumfundisha mtoto hesabu eti kwa sababu naye hukosea. Lakini baba anayewaambia watoto wafunge Kwaresima huku yeye akila nyama choma mbele yao amewafundisha somo jingine kabisa.

Tena angalieni neno alilolitumia mume: "mtoto wangu". Mtoto ni wake anapotoa amri. Inapofika zamu ya kujinyima, mtoto anageuka kuwa wa mama. Mtu hawezi kushika yote mawili. Akiwa ni wako kiasi cha kukupa haki ya kusema, basi ni wako pia kiasi cha kukudai kitu.

Wakatoliki tuna sababu nyingine ya kulifikiri jambo hili. Siku ya ndoa, kabla ya kuapa, padre aliwauliza wote wawili kama mko tayari kuwapokea watoto kwa upendo kutoka kwa Mungu. Hakumwuliza bibi harusi peke yake. Nyote mlijibu. Sasa jiulizeni: mtoto hupokelewa lini? Kama mnakiri pamoja na Kanisa kwamba uhai wa mtu huanza anapotungwa mimba, basi ahadi ile haingoji siku ya kujifungua. Ilianza kudaiwa usiku uleule, na kwa mume ilianza kudaiwa sawa na kwa mke.

MILANGO AMBAYO UFUNGUO WAKE ANA BABA

Mume atasema, "Nakubali, lakini mimi nifanye nini? Mtoto hayumo mwilini mwangu." Ni kweli. Lakini mwili wa mama nao umo ndani ya nyumba, na nyumba hiyo ina milango. Mingine ufunguo wake anao mama. Mingine anao baba.

Mlango wa kwanza ni hewa. Katika chumba kimoja, moshi wa sigara ya baba huvutwa na mama, na kwa mama humfikia mtoto. Vivyo hivyo moshi wa jiko la makaa linalowashwa ndani dirisha likiwa limefungwa. Jiko likiwashwa nje mpaka makaa yashike, na mlango ukaachwa wazi wakati wa kupika, hatari hupungua. Baba akivutia sigara nje amesaidia. Akiiacha kabisa amesaidia zaidi, kwani moshi hukaa pia katika nguo na blanketi.

Mlango wa pili ni uaminifu wa ndoa. Hapa tuseme wazi. Mume akitembea nje na kuleta ugonjwa nyumbani, ugonjwa huo haukomi kwa mke. Mtu aliyeambukizwa virusi vya ukimwi karibuni huwa na virusi vingi mno katika damu, na mke akiambukizwa wakati wa mimba au wa kunyonyesha, mtoto yumo katika hatari kubwa. Bila matibabu, watoto kati ya 15 na 45 katika kila 100 wanaozaliwa na akina mama wenye virusi huambukizwa. Mama akitumia dawa vizuri, idadi hiyo inaweza kushuka chini ya 5. Kaswende pia inaweza kumwua mtoto tumboni. Tiba yake ni sindano ya penisilini, lakini mke akitibiwa peke yake na mume akakataa, ugonjwa unarudi palepale. Ndiyo sababu kliniki humwomba baba aje apimwe. Anayekwepa kupimwa kwa kusema "matokeo ya mke wangu ndiyo yangu" anajidanganya, maana majibu ya mmoja si majibu ya mwenzake.

Mlango wa tatu ni mkono na ulimi. Ngumi au teke kwa mja mzito linaweza kubandua kondo la nyuma na kumwua mtoto, na hata mama. Matusi na vitisho vya kila siku humnyima mama usingizi na hamu ya chakula. Hapa tuwakumbushe akina mama jambo ambalo wengi hawajaambiwa: Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1153, inamruhusu mwenzi kuondoka katika maisha ya pamoja iwapo mwenzake anahatarisha vibaya mwili au roho yake au ya watoto, na penye hatari isiyoweza kungoja anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Kujiweka salama si kuvunja ndoa. Nambari ya simu 1195 hupokea bila malipo habari za wanaopigwa nyumbani.

Mlango wa nne ni mfuko. Mashauri ya kliniki yanataka chakula, nauli na mapumziko, na mambo hayo yote yanahitaji fedha. Tunajua hali ya Kabiria na mitaa ya jirani: kibarua leo kipo, kesho hakipo, kodi ya nyumba haingoji. Mungu hamdai mtu asichokuwa nacho. Lakini fanyeni hesabu ya kile mlicho nacho. Mume anayetumia shilingi 150 kila jioni kwa kileo na sigara, kwa siku 270 za mimba ametumia shilingi 40,500. Hapo hatujamdai apate kazi mpya. Tumehesabu tu kile kilichokwisha kupita mkononi mwake. Mayai, maharagwe na nauli ya kliniki ya miezi yote tisa vimo ndani ya hesabu hiyo.

Na tusisahau kwamba kileo chenyewe kinaweza kumwondoa baba kabisa. Novemba 2000 pombe ya kumi kumi iliyochanganywa na sumu iliua watu zaidi ya 100 katika mitaa ya Nairobi, na wengine wakapofuka. Februari 2024 watu wasiopungua 17 walikufa Kirinyaga kwa pombe ya namna hiyo. Mtoto anayezaliwa baba yake akiwa amekufa au amepofuka amedhuriwa na pombe, ingawa hakuna tone lililopita katika kondo la nyuma.

"LAKINI POMBE YANGU HAIMFIKII MTOTO"

Hapa msomaji mwenye akili kali anaweza kutusimamisha. Atasema, "Nimekubali yote. Sivuti ndani, sitembei nje, sipigi mtu, na fedha za nyumbani natoa. Nikinywa chupa moja ya bia Jumamosi kwa fedha iliyobaki, nimemdhuru nani? Mnataka niache kwa maonyesho tu?"

Ni swali la haki na linastahili jibu la haki. Hatutasema kwamba chupa hiyo moja ni sawa na chupa ya mke, kwa sababu si sawa. Wala hatutasema ni dhambi. Lakini kuna mambo mawili ya kuyapima.

La kwanza, kuacha jambo ni kugumu zaidi unapoachia mbele ya anayeendelea. Chupa ikiwa mezani kila Jumamosi, mke anashindana nayo kila Jumamosi, naye amechoka, ana kichefuchefu, na pengine ana hofu. Mume akiiondoa, amemwondolea vita ambavyo havikuwa vya lazima. Hayo si maonyesho, ni msaada halisi, kama kumpokea mtungi wa maji.

La pili ni haki baina ya wawili waliofanya agano. Mzigo wa mwili hauwezi kugawanywa. Mume hawezi kutapika kwa niaba ya mkewe, wala kushikwa na uchungu wa kuzaa. Kwa kuwa sehemu hiyo haigawanyiki, haki inadai kwamba ile inayogawanyika igawanywe kwa kumpendelea anayebeba ile nyingine. Asiyeweza kubeba ndani abebe zaidi ya nje: maji, makaa, kufua, kuwabeba wadogo. Na kujinyima ni mojawapo ya mambo yanayogawanyika.

Wazo hili si geni kwetu wala si la leo. Katika desturi za Wagikuyu, ambao ndio wenyeji wa zamani wa upande huu wa Dagoretti, muratina ilikuwa ya wazee, na vijana hawakuigusa kwa hiari yao. Wazee walijua kwamba kila kinywaji kina watu wake na wakati wake. Mwanafalsafa Plato wa Ugiriki, katika kitabu chake cha Sheria, aliwataka bwana na bibi wote wawili wawe na akili timamu, bila ulevi, wakati wa kutafuta mtoto, na hakumtoa mume katika onyo hilo.

Katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 13, malaika anamtokea mke wa Manoa na kumwambia kwamba atamzaa Samsoni, na kwamba asinywe divai wala kileo. Mke anamweleza mumewe. Manoa angeweza kusema, "Umesikia, basi shika." Badala yake alimwomba Mungu amrudishe yule mjumbe awafundishe wao wote wawili jinsi ya kumtendea mtoto atakayezaliwa. Maandiko hayasemi kwamba Manoa naye aliacha divai, na sisi hatutayaongezea. Lakini aliyasikia maagizo yaliyompata mkewe, akayahesabu kuwa yamempata na yeye. Mume wa mfano wetu aliyasikia maagizo kama hayo akatoka nje.

MKE AKISHINDWA KUACHA

Upo pia upande mwingine. Ziko nyumba ambazo mume ameacha na mke ndiye hawezi. Ziko nyumba ambazo mke hupika chang'aa au busaa ili watoto wapate unga, na huonja kazini mpaka mazoea yakamshika. Mume afanye nini? Amfungie? Amtangaze katika jumuiya? Ampige "kwa ajili ya mtoto"?

Hapana. Anayempiga mja mzito ili kumlinda mtoto amempiga na mtoto. Na aibu haiponyi ulevi. Mama aliyeaibishwa hujifunza kunywa kwa siri na kumdanganya muuguzi, au huacha kabisa kwenda kliniki, na hapo mtoto hupoteza hata ule msaada mdogo aliokuwa akiupata. Ulevi uliokomaa ni ugonjwa. Tena jihadharini: mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akiacha ghafula anaweza kutetemeka na hata kushikwa na kifafa, jambo la hatari kwake na kwa mtoto. Huyo apelekwe kwa daktari, asaidiwe kuacha chini ya uangalizi. Nambari 1192 ya NACADA hupigwa bila malipo na hutoa ushauri juu ya pombe na dawa za kulevya. Mume aende naye, aketi naye, na asimwache aulizwe maswali peke yake.

Wana jumuiya nao wana kazi. Kama biashara ya pombe ndiyo inayolisha nyumba, kumhubiria mama aiache bila kumsaidia kupata nyingine ni kumfunga mzigo bila kuugusa kwa kidole. Mtaji mdogo wa mboga au mandazi uliochangwa na jumuiya unaweza kumwokoa mtoto ambaye mahubiri kumi hayakumfikia.

ALIYEKUNYWA BILA KUJUA

Huenda mama anayesoma maneno haya ameshikwa na hofu. "Mimi nilikunywa kwenye harusi, na wakati huo sikujua kama nina mimba. Je, nimemharibu mwanangu?" Dada yetu, sikiliza. Kanisa hufundisha kwamba ili kosa liwe zito mtu awe amejua na kukubali kwa hiari. Wewe hukujua. Tena watoto wengi ambao mama zao walikunywa kidogo kabla ya kujua huzaliwa wazima. Mwambie daktari ukweli, acha leo, na ujue kwamba kuacha kunasaidia katika mwezi wowote, kwa kuwa ubongo wa mtoto unaendelea kujengwa hadi mwisho. Hofu isikupeleke kwa watu wanaotoa mimba kwa siri. Mtoto huyo ni wako, anahitaji msaada wako.

Na ninyi majirani: mtoto akizaliwa na ulemavu, msianze kuhesabu aliyokunywa mamaye. Ulemavu mwingi hautokani na kosa la mtu yeyote, na mara nyingi chanzo chake hakijulikani kabisa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Msimwongezee.

MAMBO YA KUANZA NAYO

Mimba ikijulikana, au hata mnapoanza kuitafuta, ketini wawili mkubaliane. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mja mzito aonwe mara 8, si 4 kama zamani, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12. Msingoje tumbo lionekane, maana uti wa mgongo na ubongo huanza kuumbika katika wiki zile za kwanza, na ndiyo sababu foliki huhitajika mapema. Walio Kabiria wana kituo cha afya cha Riruta na hospitali ya Mutuini jirani, na Mbagathi si mbali. Mume aende angalau mara ya kwanza, apimwe pamoja na mkewe. Vidonge vya madini ya chuma visimezwe kwa chai, kwa sababu chai huzuia madini hayo. Mama asinyanyue mitungi mizito ikiwa kuna mwingine nyumbani wa kuinyanyua.

Sasa turudi kwenye lile jibu, "Mimi sina mimba." Kwa habari ya mwili ni kweli, na hakuna anayebisha. Kwa habari ya ndoa si kweli, kwa sababu mlipojibu padre mlijibu wawili, na hewa, damu, amani na fedha za nyumba hiyo moja vinapita mikononi mwenu wawili. Wajibu wa mume na wa mke haufanani kwa umbo, lakini kwa uzito ni mmoja. Mume anayeelewa hivyo akirudi nyumbani na kuambiwa maneno ya kliniki, hatavaa koti. Atauliza, kama Manoa, "Sisi tufanye nini?"

MASWALI YA KUZUNGUMZA WAWILI

1. Ni milango gani ya nyumba yetu ambayo ufunguo wake anao baba, na ipi anao mama?

2. Katika mimba zilizopita, nani alijinyima nini? Je, mwenzake aliona na kumshukuru?

3. Kiasi gani cha fedha tunaweza kukielekeza kwa mtoto huyu kuanzia wiki hii, na kitoke wapi?

4. Katika jumuiya yetu yuko mja mzito anayebeba peke yake? Tumtembelee lini?

Zungumzeni jioni moja watoto wakiwa wamelala na redio imezimwa. Msikilizane kwanza, mjibizane baadaye.